Ufunguo wa Jengo la Tisa

Wiki ijayo wanalibomoa.
Utepe mwekundu umeshazungushwa langoni,
nami nafungasha miaka arobaini na mitatu
katika maboksi yanayonuka matufaha.

Ndani ya kopo la biskuti, chini ya nyuzi za mama,
nimekuta ufunguo wa kwanza, shaba imeota kijani,
na karatasi iliyokunjwa mara nne:
Pyo Bongsik, askari wa akiba, namba fulani,
mhuri wa duara, *amefunga kizazi*.
Kati ya tarehe ile na ya mkataba wa nyumba
zimepita siku kumi na moja.

Alifunga, wakamfungulia.

Najua kisa kwa vipande.
Asubuhi ya Februari, uwanja wa mafunzo nje ya Seoul,
matope yameganda kama vigae,
na mtu wa kipaza sauti anasema:
anayekubali apande basi, zoezi lake limekwisha,
na kwenye foleni ya nyumba atatangulizwa.
Wenzake wakacheka, wakasukumana viwiko.
Baba akapanda na buti zake chafu.
Dakika kumi na tano.
Walimpa mkate wa maharage mekundu, akatuletea nusu.

Tulikuwa tunapanga chumba kimoja
chenye makaa ya mawe chini ya sakafu.
Majira yale yale ya baridi, watoto wawili wa jirani
walilala ndani ya moshi, hawakuamka.
Sasa niambie, wewe unayejua sheria:
mtu akinunua pumzi ya walio hai
kwa pumzi ya wasiokuja,
hiyo ni hiari, au ni bei?

Shuleni waliliita jengo la matowashi.
Nilimpiga Jang Deokgu kwa kopo la chakula
hata sijajua neno lile maana yake nini.

Nimempelekea mama karatasi jikoni.
Hakuacha kumenya figili.
"Unamlilia nani?
Kabla yake walinijia mimi.
Vidonge vikanitapisha mpaka nyongo,
kitanzi kikanitoa damu miezi saba.
Nani aliniuliza? Nani alinipa hata sufuria?
Kisu kimemgusa mwanamume mara moja,
ndipo mnakumbuka kuna kitu kinaitwa haki."

Sikuwa na jibu. Bado sina.
Nilisimama tu, ganda la figili limeninasa kidoleni.

Baba aliligusia jambo hili mara moja,
mwaka wa mwisho, tukimsubiri daktari wa mapafu.
Ukutani palikuwa na picha ya mtoto mchanga
na maandishi makubwa: *Zaa, taifa linakungoja.*
Serikali ile ile, mkono ule ule wenye mhuri,
umegeuza tu upande wa kiganja.
Aliitazama picha muda mrefu, akasema:
"Sijutii. Nyumba ilikuwa na joto.
Ila ningependa kuulizwa
siku ambayo sikuwa na baridi."

Kisha akauliza kama nimekula.

Binti yangu, Haerim, ana miaka thelathini na mmoja.
Ofisi ya kata humtumia ujumbe kila mwezi:
ukizaa utapata kiasi hiki, ukizaa tena, kiasi kile.
Yeye huufuta akiwa amesimama kwenye treni.
Huenda mikono ya babu yake ndiyo inayofuta.
Huenda si hivyo, amechoka tu.

Nimeujaribu ufunguo mlangoni.
Kitasa kilibadilishwa zamani, haukuingia hata nusu.
Mama ameniona, hakusema neno.
Karatasi ameirudisha kwenye kopo,
ufunguo ameniachia,
halafu ameniita nimshikie ncha ya pili ya blanketi
tulikunje, kabla lori halijafika.